Sufuria la Bi Mwatum na Mshauri wa Usalama

Ijumaa moja, adhana ya adhuhuri ikikaribia, Bi Mwatum wa Madungu, kisiwani Pemba, alifunga duka lake. Alichukua ufagio wa njukuti za mnazi, akaulaza kizingitini, akajitanda kanga, akaenda zake kumtazama mgonjwa. Ndani aliacha sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, kopo la pesa za mauzo na paka. Huko ndiko kufunga duka kwa Madungu. Ufagio ukilala mlangoni ujue mwenyewe hayupo, na mwenye haraka atasubiri.

Upande wa pili wa njia alikuwa amesimama Bwana Ridha, na machozi yalimlengalenga.

Msidhani aliguswa na wema wa watu. Bwana Ridha aliliangalia lile kopo vile mkulima anavyoliangalia shamba ambalo halijawahi kulimwa. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, ambako aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na kwa mazoea nusura ajiuzie mwenyewe awe wa nne. Mwishowe kila mtaa ukawa na mtu anayemtafuta, akaona mji umekuwa mdogo. Akakumbuka kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Msuka, kwa hiyo Pemba nako ni kwao. Damu kweli alikuwa nayo. Lakini damu haimfundishi mtu adabu za watu.

Mwizi wa kawaida angeruka ufagio akachukua kopo. Bwana Ridha aliwadharau wezi wa kawaida. Kwa maoni yake, kuiba kopo ni kazi ya mwenye njaa, na mwenye akili humuuzia mwenye kopo hofu ya kuibiwa. Alikuwa na shehena ya maboksi ya kamera za ulinzi. Kuziita kamera ni heshima tu. Zilikuwa bakuli za plastiki nyeusi, kila moja na betri na kitaa chekundu kinachokonyeza ndani yake. Hazikuona kitu wala hazikurekodi kitu, ila zilikonyeza vizuri sana.

Sheha Jecha, mkuu wa shehia, alimpokea kama anavyopokewa mgeni. Alimpa chumba cha uani bure na akamwambia akae anavyotaka. Jioni ile ile Bwana Ridha akajitambulisha barazani, mbele ya wanywa kahawa, kuwa yeye ni Mshauri wa Usalama wa Miji.

"Takwimu zinaonyesha," alisema, na kwenye neno takwimu akainua kidole, "kuwa uhalifu katika miji ya kiasi cha Chake Chake umepanda mara mbili."

Sheha Jecha akaweka kikombe chini. "Mara mbili ya nini?"

"Ya mwaka jana, Sheha."

"Mwaka jana hapa kapotea mbuzi mmoja. Karudi mwenyewe."

"Basi mwaka huu hali ni mbaya zaidi."

"Mwaka huu hajapotea hata huyo," alidakia Yussuf muuza kahawa. "Labda takwimu zako zimemhesabu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi."

Baraza lote likacheka, na kamera haikununuliwa hata moja. Wengine waliziona nzuri, wakauliza kama zinatoa muziki.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Haitham, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, tajiri ambaye huzima feni mteja akiuliza bei bila kununua. Kesho yake alimwita Bwana Ridha nyuma ya duka, akamwonyesha katoni zilizopangwa mpaka darini.

"Makufuli haya," alisema kwa uchungu. "Niliyanunua bei ya kutupa, nikasema ntatajirika. Mwaka mzima nimeuza moja, na aloninunulia kalitia kwenye kamba ya mbuzi wake."

"Yule aliyepotea?"

"Yule yule. Sasa nisikilize, nshauri. Kamera zako sinunui mpaka watu wa hapa waogope. Siku wataponimalizia makufuli, siku hiyo hiyo nakulipa kamera zako zote taslimu, nami ntawauzia kwa bei nnayotaka."

"Na wasipoogopa?"

"Si weye uloleta takwimu?" alisema Haitham, akazima feni.

Bwana Ridha akatoka na neno moja kichwani. Uhalifu hauji wenyewe, basi itabidi apatikane mtu wa kuuleta.

Alianza na birika la Yussuf. Wakati wa sala ya alasiri aliliondoa juu ya seredani ya makaa, akamwaga kahawa, akalificha ndani ya koti, akalitia chumbani kwake nyuma ya maboksi. Kisha akarudi barazani kusubiri yowe. Yussuf alitoka msikitini, akalitazama seredani, akajikuna shingo.

"Wameniazima birika," alisema. "Kwa kina Mize kuna khitma." Akaenda nyumbani akaleta birika jingine, bovu kidogo, na kahawa ikaendelea.

Bwana Ridha akaona ameanza na kitu kidogo mno. Siku ya pili akachukua jamvi la Bi Ummkulthum, aliloanikia karafuu mbele ya nyumba. Karafuu hakuzitaka, maana zinanuka na harufu humtaja mtu, kwa hiyo alizikusanya vizuri kwenye kibaraza kabla ya kukunja jamvi. Jioni Bi Ummkulthum alisikika akimhadithia jirani yake.

"Ntu kaniazima jamvi, na karafuu zangu kanikusanyia zote, hajabakisha punje. Siku hizi vijana wana adabu, Mwenyezi Mungu awajaalie."

Ikawa zamu ya baiskeli ya Sheha mwenyewe. Ilikuwa imeegemezwa ukutani uani, hatua chache kutoka mlango wa mgeni, na Bwana Ridha akaiingiza chumbani mwake mchana, watu wakiwa wamelala. Siku tatu Sheha Jecha alitembea kwa miguu bila kusema neno. Siku ya nne Bwana Ridha akashindwa kuvumilia.

"Sheha, baiskeli yako imeibiwa."

"Nani kasema? Imeazimwa."

"Na nani?"

"Na mwenye shida."

"Mbona hakuja kuomba?"

"Kaja kanikosa," alisema Sheha. "Ntu na shida yake ataningoja mpaka lini? Mie hata miguu imenifunguka."

Kwa kweli nilimwonea huruma Bwana Ridha. Kuna mateso gani kwa mwizi zaidi ya kuiba kwa juhudi zote na asipatikane wa kukubali kuwa ameibiwa? Dar es Salaam watu humfukuza mwizi kwa mawe kwa kuku mmoja. Hapa alikuwa amejaza chumba na bado watu wanamwombea dua.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Madungu walilisema juu yake, na walilisema kwa sauti ya chini kwa kuwa ni mgeni. Kila mchana Rahma, binti wa Bi Mwatum, alimletea chakula. Leo wali na mchuzi wa pweza, kesho muhogo wa nazi. Bwana Ridha alikula, akashukuru, akamkabidhi sahani.

"Ngeni wenu, Sheha, hula vizuri," Bi Mwatum alisema siku moja. "Ila chombo hukirejesha kitupu."

Sheha Jecha aliinamisha kichwa kwa haya. Madungu sahani iliyokwenda na samaki hurudi na embe. Aliyekosa embe hutia ndimu, aliyekosa ndimu hutia chumvi kidogo, lakini chombo cha mtu hakirudi kitupu hata siku moja. "Kakulia Dar es Salaam," alisema Sheha. "Atajifunza."

Bwana Ridha hakujifunza, kwa kuwa hakuwa akisikiliza. Macho yake yalikuwa nyuma ya duka la Bi Mwatum, kwenye sufuria.

Sufuria lile mama yake Bi Mwatum alilinunua zamani, wakati karafuu zilipokuwa na bei. Mtoto angeweza kulala ndani yake. Kila harusi ya Madungu ilipikwa humo. Anayelitaka huja kwanza na salamu, hukaa, huulizia hali, kisha hutaja nani anamwoa nani, na Bi Mwatum hulitoa bila malipo. Naye alikuwa na harusi yake inayomsumbua. Rahma alikuwa amechumbiwa na Ishak, fundi seremala, kijana mpole asiye na kitu, na shughuli ilikuwa ikiahirishwa msimu hadi msimu. Watu wakimuuliza lini, Bi Mwatum hucheka.

"Sufuria tunalo," husema. "Cha kutia ndo hatuna."

Siku Bi Mwatum alipokwenda Wawi kuhani msiba, Bwana Ridha alikuja na toroli na boksi kubwa tupu la kamera. Sufuria likaingia boksini, boksi likaingia torolini, na mshauri wa usalama akalisukuma katikati ya njia akiwaamkia watu. Wawili walimsaidia kulipandisha kizingiti cha Sheha.

Bi Mwatum aliporudi hakupiga kelele. Alisubiri salamu. Alisubiri siku ya kwanza na ya pili, akiandaa hata maneno ya kumwambia aliyelichukua bila kuaga. Siku ya tatu alikaa kwenye kizingiti cha duka, akalia.

"Sufuria lile haliondoki bila ya salamu," alisema. "Hili limeibiwa."

Neno lenyewe hilo. Likatoka kinywani kwa Bi Mwatum likaingia barazani, na barazani likageuka nyuma. Yussuf akakumbuka birika. Bi Ummkulthum akakumbuka jamvi, akaona aibu kwa dua alizoomba. Sheha Jecha akaitazama sehemu ya ukuta ilipokuwa baiskeli yake.

Ndani ya wiki moja mtaa ukawa hautambuliki, na hapa sitafanya mzaha, kwa sababu niliona vibaya. Yussuf alianza kuvihesabu vikombe mbele ya wanywaji, nao wakaanza kunywa wakiwa wamesimama. Milango iliyokuwa wazi mchana kutwa ikafungwa. Sahani zikaacha kutembea nyumba hadi nyumba, kwa kuwa ukimpelekea mtu chakula unaona kilichomo ndani kwake, na hakuna aliyetaka kuonekana akitazama. Bwana Ridha peke yake ndiye aliyeendelea kuletewa, maana mgeni hanyimwi. Na Bi Mwatum aliuweka ufagio wake pembeni, akaenda kwa Haitham kununua kufuli.

Haitham aliyauza yote. Aliyauza na yaliyoshika kutu, na akamuuzia mtu mmoja mafuta ya kulainisha kufuli alilomuuzia mwenyewe. Alhamisi alikuja na vijana wa mkokoteni, akachukua maboksi yote ya kamera, ambayo Bwana Ridha aliwatolea mwenyewe hadi nje, akamkabidhi Bwana Ridha bahasha nene yenye muhuri wa duka lake.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa utahutubia barazani," alisema. "Nimewaalika askari wawili waje wasikilize, hofu ikae vizuri. Ukimaliza kuhutubia, mie nauza."

Bwana Ridha angependa kuondoka usiku ule ule. Lakini boti ya kutoka bandari ya Mkoani ilikuwa ya Jumamosi, na mshauri akikosekana kwenye hotuba yake mwenyewe watu watauliza. Akakubali.

Shida ilikuwa bahasha. Chumba chake hakikuwa na kufuli. Alikuwa amemwomba Sheha ruhusa ya kutia moja, Sheha akakataa katakata: "Kufuli nyumbani kwangu? Wageni wangu wataniona mie nani?" Mganga, kama wasemavyo, hajigangi. Na kutembea na bahasha nene namna ile mfukoni, mbele ya askari wawili, hakukumpendeza. Akatazama chumba. Maboksi yalikuwa yameondoka na yaliyokuwa nyuma yake yamebaki peupe: birika, jamvi, baiskeli, na sufuria katikati yao, kubwa kama bwana harusi. Akavifunika vyote kwa shuka. Kisha akafunua mfuniko wa sufuria, akaitia bahasha ndani, akafunika tena. Nani anayetafuta pesa kwenye sufuria? Alilala usingizi mzuri.

Ijumaa baada ya sala baraza lilijaa. Askari wawili walikaa mbele, kofia magotini. Haitham alisimama pembeni na kamera ya mfano mkononi, ikikonyeza. Bwana Ridha alivua viatu vyake vya ngozi vilivyong'aa, akapanda juu ya benchi ili aonekane, akainua kidole.

"Ndugu zangu, mwizi hatoki mbali," alisema. "Mwizi mnamjua. Mnampa salamu asubuhi, mnampa chakula mchana. Yuko miongoni mwetu, na mimi naapa, akipatikana leo..."

Vigelegele vikamkatiza.

Vilitokea upande wa nyumba ya Sheha, vikasogea, na nyuma ya vigelegele wakaja wanawake wa Madungu. Rahma alikuwa mbele na birika la Yussuf. Bi Ummkulthum alifuata na jamvi lake begani. Mtoto mmoja aliikokota baiskeli. Nyuma yao, wanawake wanne wamelishika masikio na matako, lilikuja sufuria, na kando yake Bi Mwatum akitembea taratibu kama mtu anayesindikiza mahari.

Bwana Ridha alibaki na kidole hewani. Alitazama njia ya kushoto, kulikuwa na askari. Alitazama ya kulia, kulikuwa na askari mwingine. Miguu ilimwambia ruka, na benchi likatikisika.

"Usishuke, Bwana Ridha," alisema Bi Mwatum kwa upole. "Siye ndo tunokuja kwako, kukushukuru."

"Kunishukuru?"

Bi Mwatum akawageukia watu. "Jamani, tumetiana hofu bure. Kumbe vitu vyetu vyote vimo kwa ngeni. Rahma kenda kumpelekea chakula kaviona, vimefunikwa vizuri, havina hata vumbi. Kaviazima kwa shughuli yake, hajui kama huku ntu huanza na salamu. Si kakulia Dar es Salaam?"

"Si nilisema?" alisema Sheha Jecha, na uso wote ukamchangamka. "Si nilisema imeazimwa?"

Mkubwa wa wale askari aliinuka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho ya kuchoka kidogo, na alimtazama Bwana Ridha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ni kweli uliviazima, bwana?"

Watu wote wakamgeukia. Bwana Ridha akakishusha kidole.

"Niliviazima," alisema.

"Basi hilo dogo," aliendelea Bi Mwatum. "Nlilokuja kulisema ni jengine. Siku zote mie hunung'unika kuwa ngeni wa Sheha hurejesha chombo kitupu. Leo natubu mbele yenu." Akafunua mfuniko, akaingiza mkono sufuriani mpaka begani, akatoa bahasha. "Kumbe alikuwa akinikusanyia."

Vigelegele vikapasuka upya. Bahasha ikafunguliwa kidogo, watu wa mbele wakachungulia, wakaacha kupumua.

"Bwana Ridha," alisema Bi Mwatum, akimtazama sawasawa machoni, "mie sipendi kula cha ntu bila ya ridhaa yake. Sema mbele ya hawa askari. Bahasha hii umenitilia mie, au uliificha tu ndani ya sufuria langu ukaisahau?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Safari zote, maneno yote, takwimu zote zilikuwa ndani ya bahasha ile, umbali wa mkono mmoja. Angesema ni yake, askari angeuliza mtu gani huficha pesa zake kwenye sufuria la kuazima, na kutoka hapo mpaka kwenye kamera zisizoona hapakuwa mbali.

"Chombo," alisema Bwana Ridha, kila neno likimtoka kama jino, "hakirudi kitupu."

Sheha Jecha alifuta machozi hadharani. Yule askari wa makamo akaichukua bahasha, akaigeuza, akasoma muhuri. "Mbona hii ina jina la duka la Bwana Haitham?"

Haitham alikuwa tayari amefungua mdomo kudai. Lakini watu hawakumpa nafasi.

"Kumbe mmechangia wawili," alisema Bi Ummkulthum. "Tukikuona bahili, baba, kumbe unatoa kwa siri kama inavyotakiwa. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Mikono ikainuliwa kumwombea Haitham dua, na mtu hawezi kudai pesa zake watu wakiwa wanasema amina. Haitham akasema amina naye, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Harusi ya Rahma na Ishak ilifungwa Jumapili. Boti ya Jumamosi iliondoka bila Bwana Ridha, kwa kuwa hakubaki na nauli, na kwa kuwa Madungu haikuruhusu mfadhili aondoke kabla ya kula pilau yake. Watu walikuwa wamemrudishia Haitham makufuli, na kila mmoja alimrudishia na asante, asipate hata wa kugombana naye. Kamera hazikupata mnunuzi, lakini Bi Mwatum alizipatia kazi. Alimpelekea Haitham salamu kuwa anaziazima, na zikatundikwa kuzunguka turubai lote, zikikonyeza nyekundu juu ya vichwa vya waalikwa. Watoto walisema hawajaona taa za harusi nzuri kama zile.

Baada ya nikaha Bwana Ridha alitoka msikitini, akatazama kwenye ngazi alipoacha viatu vyake. Havikuwapo. Alisubiri watu wote watoke, akabaki amesimama na soksi. Akamwendea Sheha Jecha.

"Sheha, nimeibiwa viatu."

Sheha alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwanafunzi wake akirudi nyuma. "Bwana Ridha, na weye tena? Vimeazimwa."

Na kweli, pale mbele bwana harusi Ishak alikuwa akipigwa picha, kanzu nyeupe, na chini ya kanzu viatu vya ngozi viking'aa. Bwana Ridha alivitambua. Alikula pilau peku.

Jumatatu asubuhi alibeba mkoba wake, na sahani ambayo Bi Mwatum alimpelekea maandazi ya chai kwa mara ya mwisho, akapita dukani kuirudisha. Bi Mwatum alikuwa akimngoja kizingitini. Karibu yake vilikuwapo viatu vya mgeni, vimepigwa rangi.

"Tuliviazima bila ya salamu," alisema. "Utusamehe."

Bwana Ridha akaviinamia. Kwenye kiatu cha kulia kulikuwa na karafuu za kujaza kiganja zilizofungwa kwenye karatasi. Kwenye cha kushoto kulikuwa na nauli ya boti.

"Ya kwendea tu," alisema Bi Mwatum. "Ya kurudia hatukutia."

Bwana Ridha alikaa akavaa viatu polepole. "Bi Mwatum, ulijua tangu ulipoliona sufuria. Mbona hukunitaja mwizi? Askari walikuwa pale."

"Ningesema mwizi, wangekuchukua weye tu, na makufuli yangebaki kwenye milango yetu," alisema. "Nimesema ngeni, mmekwenda weye na makufuli pamoja. Mie nimevyaa mtoto hapa, bwana. Nataka mjukuu wangu aukute ufagio."

Akaingia ndani, akatoka na ule ufagio wa njukuti, akaulaza kizingitini. Akajitanda kanga, akaenda zake kumwangalia bibi harusi, hata nyuma hakugeuka. Ndani aliacha sukari, unga, mafuta, paka, na kopo la mauzo.

Njia ilikuwa tupu. Bwana Ridha alisimama mbele ya ufagio, sahani mkononi, na kopo likimtazama. Alisimama kwa muda, na kwa kuwa mimi sisemi uongo, alisimama kwa muda mrefu sana. Kisha akaangalia sahani. Alijipekua mifuko yote, akakuta kitu kimoja tu, kamera ya mwisho, ile ya mfano aliyorudishiwa na Haitham kwa hasira. Akaitia kwenye sahani, akanyoosha mkono juu ya ufagio, akaiweka sahani juu ya meza kando ya kopo, akaenda kupanda gari la Mkoani.

Bi Mwatum ameitundika kamera hiyo juu ya mlango, na kila betri ikiisha hununua nyingine, kwa sababu paka anapenda kuitazama. Inakonyeza mchana kutwa juu ya ufagio uliolala. Mpaka leo haijaona mwizi hata mmoja, na kwa hilo, upofu wake hauhusiki.